UNGO UNASHUSHWA, GHARAMA NANI ATALIPA?

Katika vijiwe vya Mlandizi, Soga na Ruvu Stesheni, na kuvuka hata upande wa Kisarawe mpaka Maneromango, neno linalozungumzwa sana siku hizi si bei ya korosho tu wala nauli ya treni ya umeme. Ni ungo. Wala si ungo ule wa kupepetea mpunga ambao mama zetu wangali wanautumia kila mavuno; ni ungo wa bati unaokaa juu ya paa na kuelekezwa mbinguni kuomba picha. Watu wanaushusha. King'amuzi kinafungwa katika karatasi na kuwekwa chini ya kitanda, na mahali pake kinakuja kisanduku kidogo, chenye ukubwa wa sabuni ya kufulia, kinachochomekwa nyuma ya televisheni na kuleta picha kwa njia ya intaneti. Wauzaji wanasema kwamba anayekinunua ameaga malipo ya kila mwezi.

Gazeti hili halina ugomvi na chombo kipya. Mtu anayekiogopa kitu kwa sababu tu baba yake hakukiona, huyo hatufai katika kazi ya kujenga nchi. Lakini kila chombo kina gharama yake, na gharama ina tabia ya kujificha mahali ambapo mnunuzi hakutazama. Kwa hiyo, ndugu wafanyakazi, kabla hatujapanda paani na spana mkononi, yatupasa tuikokotoe hesabu hii mpaka mwisho wake.

Tuanze na lililo haki ya mlalamikaji, kwani analo. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, na Bara tuliisubiri mpaka mwaka 1994. Katika miaka ile ya mwanzo mtu alinunua televisheni yake na antena, akaisimamisha juu ya mti wa mnazi, na habari ikaisha hapo: hakuna aliyemjia mwisho wa mwezi. (Sisi tuliosoma shule za misheni katika miaka ya 1990 twaikumbuka televisheni moja iliyotazamwa na bweni zima, na ratiba yake imebandikwa ukutani kama ratiba ya zamu za kufagia.) Kisha ikafika tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya zamani ya Dar es Salaam ikazimwa usiku ule, na nchi ikaingia katika utangazaji wa dijitali. Mwananchi akaambiwa anunue king'amuzi. Akanunua. Mwaka uliofuata, mwezi wa Desemba, ikaanza Azam TV. Na hao wengine, StarTimes na DStv, walikuwa wamekwisha kukaa uwanjani. Tangu hapo neno “kifurushi” limeingia katika matumizi ya nyumba pamoja na unga, mkaa na LUKU.

Kifurushi ni biashara ya ajabu kidogo. Humpa mtu chaneli nyingi ambazo hazitazami ili apate chache anazozitaka. Huhesabu siku, hakihesabu kutazama: mfanyakazi wa kiwandani anayeingia zamu ya usiku juma zima hulipa sawasawa na mstaafu anayeshinda kochini. Siku ya thelathini ikifika, giza. Wengine mwaka 2018 waliona jambo zito zaidi, pale ambapo hata chaneli za nyumbani zisizotakiwa kulipiwa zilikuwa zikipotea pamoja na kifurushi kilichokwisha. Mwezi wa Agosti mwaka huo TCRA ikaziamuru kampuni za Azam, DStv na Zuku ziache kuzirusha chaneli hizo za bure, kwa kuwa leseni zao zilikuwa za matangazo ya kulipia. Chaneli baadaye zilirudi, lakini kwa muda ule mtazamaji ndiye aliyekosa pande zote mbili, na hasira yake ya leo ina mizizi katika siku zile. Hatumlaumu.

Sasa tutazame kisanduku hiki kinafanyaje kazi, maana hapa ndipo penye siri.

Sisi wa Ruvu tunayajua maji. Kuna maji ya mvua na kuna maji ya bomba. Mvua ikinyesha Kibaha, hainyeshi kwa mita. Anayeweka ndoo moja hupata, anayeweka mapipa kumi hupata, na jirani wa elfu moja akiweka chombo chake nje hampunguzii wa kwanza hata tone. Matangazo ya mnara na ya setilaiti ni mvua. Mtambo unatupa mawimbi yake mara moja tu, na nyumba moja au nyumba milioni zikiyapokea, gharama ya kuyatupa ni ileile. Ndiyo sababu redio iliweza kulifikia taifa zima lilipokuwa maskini kabisa: mzigo wote uko kwa anayetangaza, mpokeaji hana analodaiwa.

Kisanduku cha intaneti ni bomba. Kila nyumba inayotazama huvuta mkondo wake peke yake kutoka kwenye kompyuta zilizo mbali, na mkondo huo hupita katika mita. Nyumba mia zikitazama mpira uleule kwa dakika ileile, hiyo ni mikondo mia. Atakayelipia mkondo ni mwenye nyumba. Kwa maneno mengine, gharama ya kusafirisha picha, ambayo zamani ilikuwa juu ya kituo cha televisheni, imehamishwa kimyakimya ikawekwa juu ya kichwa cha mtazamaji. Muuzaji anaposema “hakuna malipo ya mwezi”, maana yake ni kwamba halipwi yeye.

Haya, hesabu. Kampuni ya Netflix, iliyofungua huduma yake nchini mwetu na katika nchi nyingine zaidi ya mia moja mwezi wa Januari 2016, yenyewe huwaeleza wateja wake kwamba picha ya kawaida hula kiasi cha gigabaiti 0.7 kwa saa, na picha safi hula mpaka 3 kwa saa. Tuseme nyumba moja ya Mlandizi inawasha televisheni saa nne tu kila jioni, kuanzia taarifa ya habari hadi watoto walale. Kwa siku thelathini hizo ni saa 120. Kwa picha ya kawaida ni gigabaiti 84. Kwa picha safi ni 360. Mwaka 2022 bei elekezi ya TCRA kwa bando ilikuwa kati ya shilingi 2.03 na shilingi 9.35 kwa megabaiti moja. Tuchukue ile ya chini kabisa, tusije tukaambiwa tunatia chumvi. Gigabaiti 84 kwa bei hiyo ni zaidi ya shilingi 170,000 kwa mwezi.

Mkumbuke kwamba kima cha chini cha mshahara katika viwanda na biashara, kwa amri iliyoanza Januari 2023, kilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Ni kweli viwango vya sekta binafsi vimepandishwa tena kuanzia Januari 2026, na wastani wake umetoka shilingi 275,060 kufikia 358,322. Hata hivyo nani katika sisi atakayetoa nusu ya mshahara apate kutazama tamthiliya?

Bila shaka wapo watakaotujibu kwamba tumehesabu vibaya, kwa kuwa wao hawanunui bando la megabaiti. Wana intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo, wanalipa kiasi kimoja kwa mwezi na watu wote nyumbani wanaitumia kwa masomo, kwa biashara na kwa televisheni. Ndugu hao wamehesabu sawasawa. Kwa nyumba yenye waya wa faiba, kisanduku ni nafuu ya kweli, na wakishusha ungo wao tutawashikia ngazi. Lakini nyumba hizo ziko wapi? TTCL ina mpango wake ulioupa jina zuri la Faiba Mlangoni Kwako. Jina hilo tunalipenda. Tungependa tu kujua mlango unaosemwa ni wa nani. Kebo za baharini zilifika Dar es Salaam, Seacom mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa ukaanza kutandazwa miaka hiyohiyo kwenda Morogoro, Dodoma na mbele zaidi. Atakayetoka Dar es Salaam kwenda Morogoro hana budi kupita kwetu. Je, mkulima wa Kwala na fundi wa Soga wamefaidi nini na kupitiwa huko?

Swali hili hatukulitunga jana. Mitambo ya maji ya Ruvu Juu iko Mlandizi. Mto ni wetu, mtambo uko kwetu, na mabomba makubwa yalipita kwa miaka mingi yakinywesha Dar es Salaam huku watoto wa njiani wakibeba madumu kutoka visimani. Mji wa Kisarawe, ulio karibu na jiji kiasi cha kuziona taa zake usiku, ulisubiri mpaka mwaka 2020 ndipo mradi wa kuuletea maji ya Ruvu ukazinduliwa. Tusikubali kwamba habari na maarifa nayo yatupite miguuni kwa muda kama ule. Mwaka 2023 Serikali ilitia sahihi mikataba ya minara 758 ya mawasiliano vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Ni kazi njema, na sifa apewe anayestahili. Lakini mnara wa simu humletea mtu bando, na hesabu ya bando tumekwisha kuifanya hapo juu. Anayetaka watu wa vijijini watazame televisheni kwa intaneti hana budi kuwaletea waya, au huduma ya mnara yenye bei moja kwa mwezi ambayo mshahara wa kiwandani unaiweza.

Tuje kwenye mpira, maana ndio uliofunga nyungo hizi zote juu ya mapaa na ndio utakaoamua kama zitashuka. Mwezi wa Mei 2021 shirikisho letu la mpira, TFF, liliiuzia Azam haki za kuonyesha Ligi Kuu kwa miaka kumi kwa shilingi bilioni 225.6. Fedha hiyo imezisaidia klabu, wala hatuwezi kuisema vibaya. Zamani timu zilisafiri kwa kuombaomba. Sisi wa hapa tulikuwa na timu yetu katika ligi hiyo, Ruvu Shooting, iliyocheza miaka mingi katika uwanja wa Mabatini, Mlandizi, na ambayo ilishuka daraja mwisho wa msimu wa 2022/23. Mtu wa Mlandizi aliweza kuiona timu yake kwa miguu yake mwenyewe. Sasa akitaka Simba na Yanga, lango ni lilelile moja, uwe na ungo au uwe na kisanduku. Kwa njia ya intaneti Azam hao hao watakudai ada yao, na juu yake utalipa bando. Mpira wa Uingereza nao una lango lake jingine. Kisanduku hakivunji lango lolote.

Isipokuwa kile cha wizi. Na hapa tuseme wazi, kwa sababu vingi vinavyouzwa katika masoko yetu ni vya namna hiyo. Muuzaji hukuonyesha chaneli elfu moja, mpira wa dunia nzima, filamu ambazo hata majumba ya sinema hayajazionyesha, na kukuambia kwamba umelipia mara moja tu, basi. Mtu mwenye akili na ajiulize: nani analipa? Picha hizo zimeibwa, pamoja na filamu za vijana wetu wanaouza mpaka viti vya nyumbani ili wamalize kupiga picha moja. Walikwisha kuumizwa na kanda, wakaumizwa na sidii za kunakili, na sasa watamalizwa na hiki.

Tena mwibaji hamsazi mteja wake. Mwezi wa Juni 2025 idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, ilitoa onyo juu ya vyombo vya namna hii, vingi vikiwa vimetengenezwa China, ambavyo vimekutwa na programu za kihalifu tangu kabla havijafunguliwa katika boksi, au vinazipokea mara mwenye nyumba anapoviwasha na kuviweka tayari. Wataalamu wameuita mtandao huo BADBOX 2.0. Mwezi uliofuata kampuni ya Google ikaenda mahakamani huko New York kuwashitaki wanaouendesha, ikisema kwamba vyombo zaidi ya milioni 10 vimeambukizwa. Kazi yake ni hii: wewe umekaa unatazama sinema, na wahalifu wa mbali wanaitumia intaneti yako kama mlango wa uani, wakipita humo kufanya udanganyifu wao kwa anwani ya nyumba yako. Na bando linalotumika ni lako. Dalili zake zinajulikana: jina la kiwanda lisilojulikana popote, ahadi ya kuona bure kinacholipiwa kwingine, na sharti la kwamba uzime kwanza ulinzi wa programu ndipo kifanye kazi. Mtu anayekuambia uondoe komeo ndipo akuuzie kitanda, mwulize anatafuta nini ndani.

Liko jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji, nalo ni kwamba bomba hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilipata hitilafu baharini, na intaneti ikalegea nchini na kwa majirani zetu. Wenye visanduku walitazama duara likizunguka. Na kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Sababu zake na haki yake ni mjadala mkubwa, nao unastahili makala yake yenyewe. Hapa tunasema la mtazamaji tu: mwenye antena ya kawaida na mwenye redio waliendelea kupata habari, na aliyekwisha kukitupa kila kitu akabaki na kisanduku pekee alikuwa kama mtu aliyefungiwa chumbani katika juma ambalo kila raia alitaka kujua ndugu zake wako salama au la. Nchi isiyo na njia ya pili ya kupashana habari ni nchi iliyo hatarini, na nyumba kadhalika.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa wafanyakazi wa viwanda vya Kibaha na Kwala, na kwa wakulima wa pande zote mbili za mto, ni wa kawaida sana. Asiye na intaneti ya bei moja kwa mwezi asishushe ungo. Aliye nayo na ashushe akitaka, lakini antena ndogo ya chaneli za bure ibaki paani. Katika zile nyumba za kupanga zenye vyumba sita au vinane, ambamo watu wanagombana kila juma juu ya nani amemaliza umeme wa LUKU, laini moja isiyo na kikomo ikichangiwa na vyumba vyote itamgharimu kila mmoja kidogo kuliko vifurushi vinane mbalimbali. Twajua ugomvi utakuwapo. Afadhali wagombanie kitu kilichopo. Na vibanda umiza, ambavyo mabwana wengi wa mjini huvidharau, tusivipige vita: kwa shilingi chache kijana anapata mpira, benchi, na watu mia wa kubishana nao, na hakuna kisanduku kilichokwisha kugundua namna ya kuuza hayo.

Wenye madaraka nao wana kazi yao. TCRA ina uwezo wa kukagua vyombo vya mawasiliano kabla havijaingia sokoni. Na ikague hivi kwa jina, itangaze vilivyofaulu katika magazeti na redio, na vile vya wizi vikamatwe bandarini kwa mwenye kontena, si Kariakoo kwa kijana aliyebeba vitatu mkononi. Chaneli ya taifa iwekwe katika intaneti kwa namna ambayo kuitazama hakuli bando la mwananchi. Kampuni za simu zimekuwa zikitoa mitandao fulani bure zinapotafuta wateja, na linalowezekana kwa biashara linawezekana kwa taifa. Na TTCL na itueleze, kwa orodha ya vijiji na miezi, ni lini faiba itaingia Ruvu Stesheni, Soga, Kwala, Mlandizi, Kisarawe mjini na Maneromango, na kwa bei gani. Orodha hiyo ikitufikia tutaichapa katika ukurasa huu, neno kwa neno.